Glovu za Kupandishia

Binti yangu alinipigia simu kutoka Moshi, tumbo lake likiwa limeshakuwa kubwa, kuniambia kwamba akishajifungua atakuja kukaa uzazi kwangu, huku juu milimani. Nilipiga kigelegele palepale jikoni, mwiko mkononi, mpaka mume wangu akaja mbio akidhani nimeungua. Huyo binti ndiye mtoto wetu wa pekee, na huyo wa tumboni ndiye mjukuu wetu wa kwanza. Kazi yangu ilikuwa inajulikana bila kuambiwa: kumwogesha mtoto. Bibi yangu aliniogesha mimi, mama yangu akamwogesha binti yangu, na kwetu mwanamke haitwi bibi kwa sababu tu mtoto kazaliwa. Anaitwa bibi siku ile amenyoosha miguu yake, akamlaza mjukuu juu yake, akamwosha, akamkanda, akamrudisha kwa mama yake ananukia mafuta. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa miaka.

"Ila mama," binti akasema, "hiyo mikono yako inaendeleaje?"

Kigelegele kikakatika.

Niieleze hiyo mikono. Ina magonjwa mawili na magonjwa yenyewe hayapatani. La kwanza liko ndani, kwenye viungo: asubuhi vidole havikunjuki, na vikikunjuka havikunjiki. La pili liko juu, kwenye ngozi, ambayo inawasha, inachubuka na kupasuka nyufa kama za kisigino. Viungo vinataka maji ya moto. Ngozi haitaki maji kabisa. Nikiichovya mikono kwenye maji ya uvuguvugu vidole vinashukuru na ngozi inapiga mayowe. Nikiikausha na kuipaka mafuta, ngozi inatulia na vidole vinakakamaa. Nimekuwa kama mama mwenye watoto wawili wasiokula chakula kimoja. Na yote haya ni malipo ya kufua kwa sabuni ya unga kwenye maji ya mfereji yenye baridi ya kukata, na ya kusugua masufuria ya makande kwa majivu. Ukoko wa makande, wewe usiyeujua, mshukuru Mungu wako.

"Inaendelea vizuri," nikamjibu.

"Mama, usinidanganye. Mara ya mwisho nilipokuja ulinipapasa shavu, nikawashwa mpaka nafika Moshi. Mtoto mchanga ngozi yake ni laini. Kama mikono haijapona, mama wa Ugweno amesema yuko tayari kuja kuogesha."

Mama wa Ugweno ni mama mkwe wake. Sina ubaya naye. Ni mwanamke mwema, mcha Mungu, mwenye migomba mizuri. Lakini nilimshika mkono siku ya harusi nikadhani nimeshika mkate wa maziwa. Ana mikono ya mtu anayeoshewa vyombo, yule. Na sasa atoke huko Ugweno, Pare ya Kaskazini, aje nyumbani kwangu, akae kwenye kigoda changu, anyooshe miguu, amwogeshe mjukuu wangu mimi nikimsogezea beseni? Aka! Kesho yake alfajiri niliteremka Same hospitali.

Same chini kuna upepo unaokausha mpaka meno, kwa hiyo mikono ilifika kwa daktari imepasuka zaidi ya ilivyotoka nyumbani. Daktari alikuwa kijana mpole. Akaigeuza, akaikunja, akaibonyeza, akasema vidole vina baridi yabisi ya umri, na ngozi ina pumu.

"Pumu?" nikamwambia. "Mwanangu, mimi napumua vizuri. Mlima wote ule napanda sihemi."

"Siyo pumu ya kifua, mama. Pumu ya ngozi."

"Ngozi nayo inapumua?"

Akacheka, akaniandikia dawa ya kupaka. Halafu akaanza kunitajia vitu nisivyotakiwa kugusa. Sabuni ya unga nisiguse. Maji ya baridi nisiguse, na ya moto sana vilevile. Vitunguu, nyanya, ndimu, pilipili, viazi vibichi, majivu, mafuta ya taa. Nilisubiri amalize, nikamwuliza, "Sasa daktari, kuna kitu chochote ndani ya nyumba ninachoruhusiwa kugusa?"

Alifikiri kwa dhati kabisa, kalamu mdomoni. "Kitanda," akasema.

Nikamwambia kitanda nacho kinatandikwa. Akaniomba nipunguze kazi. Nikamwuliza nimpunguzie nani. Mwishowe tukakubaliana nivae glovu, ndefu, zisizo na ule unga ndani, na maji yasiingie kwa juu.

Duka la dawa walikuwa nazo fupi tu, za unga. Wakanielekeza duka la pembejeo, wanakouza mbegu na chanjo za kuku, kwamba kule hukosi. Nikamkuta kijana mmoja kaweka kidude cha muziki sikioni.

"Nataka glovu ndefu," nikamwambia. "Ndefu kabisa, zipite kiwiko. Kazi yangu ni ya majimaji."

"Za kupandishia?"

Sasa, msomaji, nisikilize kabla hujanicheka. Sisi watu wa milimani neno hilo tunalitumia kila siku ya Mungu. Ukitoka Same kuja juu, unapandisha. Ukienda Same, unateremka. Ukifika tu stendi vijana wa bodaboda wanakukimbilia: "Mama, unapandisha?" Kwa hiyo kijana aliponiuliza, nilijua anataka kufahamu kama mzigo unakwenda juu, aufunge vizuri.

"Ndiyo," nikasema. "Napandisha leo leo."

Akaniangalia upya, kuanzia kilemba mpaka malapa. "Unapandisha mwenyewe, mama?"

"Mwenyewe. Mume wangu siku hizi hawezi. Magoti."

Akatoa kile kidude sikioni. "Na huwa haikusumbui?"

"Inategemea. Kukiwa na utelezi ni shughuli, mpaka upate wanaume wawili watatu wa kusukuma kwa nyuma."

"Mama," akasema, na nikaona kaguswa kwelikweli, "hongera sana. Wanawake mkiamua mnaweza." Akanifungia pakiti nzima kwenye gazeti, akaniomba nimsalimie bwana mifugo wa huko kwetu. Nikatoka nikisema moyoni kwamba kijana yule kalelewa.

Nyumbani nikafungua. Jamani! Glovu ilianzia vidoleni, ikapita kifundo, ikapita kiwiko, ikaja kuishia hapa begani, na bado ikabaki ya kukunja. Ya plastiki nyembamba, rangi ya chungwa. Nikasema hawa waliotengeneza wana wake warefu. Kwa kuwa zilikuwa zinateleza, nilitoboa tundu juu ya kila moja nikapitisha kamba nyuma ya shingo, kama tunavyowafungia watoto soksi za mikono wasizipoteze. Nikakaa uani nikaosha sufuria la makande. Hakuna tone lililonigusa. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, ananitazama, mabega yanamtikisika.

"Kuna nini?" nikamwuliza.

"Hakuna kitu, mama. Umependeza."

Kwenye pakiti waliandika kwamba glovu ni ya kutumia mara moja na kutupa. Wewe umeona wapi Mpare akatupa plastiki nzima yenye vidole? Nilikuwa naziosha, nazigeuza, naanika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio. Upepo ukija zinajaa, zinasimama, zinapunga. Nyumba yetu iko juu ya barabara, kwa hiyo kila aliyepita alipungiwa mkono. Nilikuwa na furaha. Wiki ya kwanza nyufa zilianza kufunga, na nikampigia binti kumwambia mama wa Ugweno apumzike tu kwake.

Ndipo asubuhi moja nimekaa uani, masufuria mbele yangu, glovu mpaka mabegani na kamba shingoni, nikasikia kwato. Jirani yetu wa shamba la chini, baba mmoja mwenye haraka siku zote, alikuwa anamvuta ng'ombe wake wa maziwa. Mkono wa pili ameshika ndoo ya maji ya moto na kipande cha sabuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kulikoni na ng'ombe?"

"Yuko kwenye joto. Amelia usiku kucha, hatujalala hata kidogo. Bwana mifugo yuko Kifaru msibani, simu haipatikani, na joto likimpita leo ni kusubiri tena. Nikasema nije kwako, maana nasikia unapandisha."

"Napandisha nini?"

"Ng'ombe, mama."

Nilicheka nikidhani ni utani. Hakucheka. Akanyoosha kidole kwenye kamba ya nguo, glovu zinapunga. "Sote tumeziona. Na yule kijana wa duka la pembejeo amewaambia watu wa bodaboda kwamba kuna mama huku juu anapandisha mwenyewe, eti kwa sababu mzee wake hawezi."

Nilihisi damu inapanda mpaka kwenye nywele. Nikaikumbuka ile safari ya dukani, swali moja moja na jibu lake. Zile zilikuwa glovu anazovaa bwana mifugo akimpandikizia ng'ombe mbegu kwa mrija, anapoingiza mkono wote kule nyuma mpaka begani. Na mimi nilikuwa naoshea vikombe.

Kutoka ndani nikasikia mtu anakohoa kikohozi cha uongo.

"Mzee!" nikaita. "Ulijua?"

Akatokea mlangoni anajifuta machozi. "Tangu siku ya kwanza."

"Na ukaniacha?"

"Ulikuwa umefurahi," akasema.

Nikamgeukia jirani nikamweleza tangu hospitali: pumu ya ngozi, baridi yabisi, sabuni ya unga, mjukuu. Alinisikiliza kwa adabu yote, kama mtu anayesikiliza bei ya kwanza sokoni. Nilipomaliza akasema, "Mama, usinibanie. Sisi ni majirani."

"Nikubanie nini, baba? Mimi sijui hata pa kuanzia!"

"Mbegu si unazo?"

"Ninazo za maharage!"

"Basi mtazame tu." Akaanza kumrudisha ng'ombe kinyumenyume kuelekea kwangu. Nikasimama, mikono juu ili maji ya vyombo yasinichuruzikie, narudi nyuma kwa nyuma, ng'ombe naye anarudi, jirani anamsemesha kwa upole. Simu ya mume wangu ikalia. Alikuwa binti, anapiga ya video.

Mume wangu simu ya video ameijua uzeeni na anaitumia kwa moyo wote. Hakusema "subiri". Hakusema "mama yako ana shughuli". Aliinyoosha simu mbele yangu akasema, "Huyu hapa, yuko kazini."

Nilimwona binti yangu kwenye kile kioo, amelala upande, uso umevimba kwa mimba. Na yeye alimwona mama yake na mikono ya rangi ya chungwa hewani, inachuruzika povu, na makalio ya ng'ombe yakiwa usawa wa kifua changu.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naosha vyombo."

"Na huyo ng'ombe?"

"Wa jirani. Yuko kwenye joto."

Jirani akaingiza kichwa chake kwenye picha. "Habari za Moshi, dada! Hebu mwambie mama asituangushe."

Binti alikuwa ananitazama mimi. "Hiyo mikono, mama," akasema taratibu, "ndiyo inataka kumwogesha mwanangu?" Nikaanza kueleza, maneno yakagongana, kamba ya shingoni ikakatika, glovu moja ikateleza ikaanguka kwenye sufuria. "Basi, mama. Nitaongea na mama wa Ugweno." Akakata.

Jirani alimpeleka ng'ombe kwa mzee wa kanisa mwenye dume, na mpaka leo ananisalimia kwa ufupi kwa sababu anaamini nilimbania. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikalia. Nililia kwa sauti, siyo kile kilio cha kujifuta kwa ncha ya khanga. Mume wangu alikuja akachuchumaa mbele yangu, magoti yakilia nayo, akasema samahani. Nikamwambia samahani yake akakatie kuni.

Zile glovu nilizikata vidole, nikaotesha ndani yake miche ya kahawa.

Nikatangaza mgomo. Daktari si alisema nisiguse kitu? Sitagusa. Kama mama wa Ugweno ana mikono laini kwa kutokufanya kazi, na mimi nitaacha kazi, tuone. Kuanzia siku hiyo mikono yangu iliishi kama malkia. Dawa ya hospitali asubuhi, mafuta ya mgando mchana, na juu yake soksi, maana niliambiwa mafuta yakifunikwa yanazama. Soksi zenyewe zilikuwa za mume wangu za kanisani, nyeusi. Nikiwa nimepaka na kuvaa siwezi kufungua mlango, siwezi kushika kikombe, siwezi kujikuna. Nikitaka chai namwita mume wangu aninyweshe, na akininywesha anapuliza kwanza, kwa kelele, ili kuniudhi.

Vyombo alikuwa anaosha yeye. Alikaa uani, suruali imekunjwa, anaosha kijiko kimoja kimoja na kukiinua juani kama anakagua dhahabu, huku anaimba sauti ya nne ya kwaya. Ukoko wa makande ulimshinda, akawa anaukwangua kwa panga. Wanawake wa kanisani wakampita barabarani. Hawakuuliza kitu. Wangeuliza nini? Mzee mzima anakwangua sufuria uani mchana kweupe, na mke haonekani.

Jioni ile walifika kundi zima, na sukari, unga na ndizi, vilemba vimefungwa kwa huzuni. Wakamkuta mume wangu kwenye vyombo. "Baba, pole sana," wakamwambia. "Amelazwa wapi?"

"Hajalazwa, yuko ndani, amekaa kwenye kiti," akasema. "Mikono tu."

Wakaingia. Nikawa nimekaa kweli kwenye kiti, mikono miwili imelala mapajani ndani ya soksi nyeusi. Mama mmoja akaziba mdomo. Mwingine akasema, "Mungu wangu, yote miwili?" Kabla sijafungua kinywa walikuwa wameshaanza wimbo. Nilijaribu kuzivua soksi niwaonyeshe, lakini soksi yenye mafuta ndani huvuliwa na mkono, na mkono wa kuivua nao ulikuwa ndani ya soksi. Nikafurukuta. Wakaimba zaidi. Aliyekuwa karibu nami aliishika soksi ya kulia kwa mikono yote miwili, akaombea, machozi yanamtoka, na kufikia hapo kuwaambia ukweli ingekuwa ni kuwaaibisha, kwa hiyo niliitikia amina. Sukari ile tuliinywea chai mpaka mtoto anazaliwa.

Alizaliwa salama, wa kiume. Binti akaletwa juu na gari la kukodi, na mtoto akiwa ndani ya sweta tatu, kofia mbili, na blanketi la kufunika lori. "Huku kuna baridi, mama," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye mgeni wa milima hii. Nikataka kumpokea mtoto. Binti akamshikilia kwanza.

"Nionyeshe mikono."

Nikaitoa. Akaigeuza, viganja juu, viganja chini, kama mwalimu wa zamu. Nyufa nyingi zilikuwa zimefunga. Uwekundu umekwisha. Lakini akapitisha kidole chake kiganjani, polepole, nikasikia mwenyewe ule mkwaruzo, kama kipande cha gunia. Ngozi ile imesugua masufuria tangu yeye hajazaliwa. Mgomo wangu haukuweza kuirudisha utotoni.

"Imepungua," akasema, na nikaona anajitahidi kuwa mpole, na upole wake ndio ulioniuma. "Lakini bado, mama. Mama wa Ugweno atakuja Jumamosi."

Niliumia. Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Kwa hizo siku chache binti alisema atamwogesha mwenyewe. Alikuwa ameyasoma mambo ya kuogesha kwenye simu, na simu yenyewe aliisimamisha kwenye kikombe karibu na beseni. Mtoto alianza kulia akivuliwa sweta la kwanza, akanyamaza akivalishwa la tatu. Mimi nilipewa kazi ya kushika taulo. Nilisimama hapo kama mlinzi wa benki, naona maji yako juu, naona shingo haijashikwa, na nimefunga mdomo. Mtoto alilia mpaka akawa anatetemeka, binti naye analia kimya kimya, na babu yake huko nje alikuwa anahama upande wa nyumba asisikie.

Ijumaa ilikuwa mbaya zaidi. Mtoto alikuwa hajalala tangu alfajiri, na alipovuliwa sweta nikaona mgongo wote umejaa vipele vidogo vyekundu. Harara. Sweta tatu, jamani, na jua limewaka. Nilisema, "Mwanangu, huyu ana harara," na binti akasema, "Naona, mama," kwa sauti ya mtu aliyeishiwa nguvu. Akampaka sabuni, akamgeuza, na mtoto akateleza.

"Mama!"

Sikufikiri. Taulo lilianguka huko, nami nikamdaka mtoto, mkono mmoja chini ya kidevu, na mwingine, kiganja kizima na ugumu wake wote, mgongoni kwake.

Akanyamaza.

Akanyamaza ghafla hivi, mpaka nikaogopa kwamba nimemwumiza. Binti naye aliganda. Halafu nikahisi kitu kinatembea chini ya kiganja changu. Ni kile kimgongo. Kilijisogeza kushoto. Kikajisogeza kulia. Kikajikandamiza kwenye mkono wangu, kikapanda, kikashuka, na mtoto akatoa mguno mnene, ule ule wa babu yake akivua viatu vya kanisani.

"Anafanya nini?" binti akanong'ona.

"Anajikuna," nikasema.

Nikausogeza mkono taratibu sana, juu mpaka chini, bila kukandamiza, ile ngozi ya gunia ikipita juu ya vile vipele. Mtoto akakunjua vidole vya miguu. Akafumba macho, mdomo wazi, mate yanamtoka, mlevi kabisa. Nilikaa kwenye kigoda, nikanyoosha miguu yangu, nikamlaza juu yake kifudifudi, nikamwosha. Kwapani, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya mapaja. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na vidole vyangu vilishukuru. Ngozi iliwasha kama moto, nikaiambia ngoja kwanza. Mtoto hakulia hata mara moja. Nikamkausha, nikamkanda kwa mafuta kidogo, nikamvalisha sweta moja. Alipolala hata kichwa chake kilikuwa kizito. Nikamwita babu yake aje amchukue, akaja anatembea kwa ncha za vidole, hajui kama anaruhusiwa kupumua.

Tukabaki mimi na binti na beseni. Alikuwa amekaa chini sakafuni, ameegemea kitanda, nywele hazijachanwa, na kwenye kile kikombe simu ilikuwa imezima yenyewe. Nilisubiri aseme habari za ngozi laini ya mtoto. Yeye alijisogeza mpaka akaja kukaa mbele ya kigoda changu, akanipa mgongo, akashusha gauni mabegani.

"Na mimi, mama," akasema. "Hapa katikati, sifiki. Tangu nijifungue kunawasha mpaka nasugua kwenye ukuta."

Nikaweka mikono yote miwili.

"Chini kidogo. Kulia. Hapo hapo, usitoke." Kichwa chake kikaanguka mbele. Nikadhani amelala. "Mama wa Ugweno akija kesho," akasema mwishowe, "asishike chochote. Yule ni mgeni."